Mchezo ambao adui wake ni baridi

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi moja akiwa amechemka. "Njoo umwone mpwa wako," akaniambia. "Tangu asubuhi yuko mbele ya kompyuta, hata chai hajagusa." Nilifunga safari nikiwa nimetayarisha mawaidha yangu kuhusu bunduki na damu, maana hayo ndiyo tuliyozoea kuyaona katika michezo ya video. Nilipofika nilimkuta kijana akihesabu njiti za kiberiti. Zilikuwa zimebaki nne.

Mchezo wenyewe unaitwa The Long Dark, nao hutoka Kanada. Uliundwa na kampuni ya Hinterland, ambayo mwanzilishi wake ni Raphael van Lierop. Wachezaji waliuonja mara ya kwanza mwaka wa 2014 kabla haujakamilika, kisha Agosti 2017 hadithi yake, iitwayo Wintermute, ikaanza kutolewa kipindi baada ya kipindi, mfano wa mchezo wa kuigiza wa redioni.

Hadithi yenyewe yaenda hivi. Will Mackenzie ni rubani wa ndege ndogo. Usiku mmoja anajiwa na Astrid Greenwood, daktari ambaye aliwahi kuwa mkewe. Astrid amebeba sanduku la chuma na anataka kupelekwa haraka katika mji wa mbali huko kaskazini. Sandukuni mna nini? Hasemi. Wakiwa angani, mianga ya rangi inatanda, mitambo yote ya ndege inazimika na ndege inaanguka katika kisiwa kilichofunikwa na theluji. Mackenzie anazinduka akiwa na jeraha mkononi. Daktari hayupo.

Basi mchezaji ana mambo mawili ya kutafuta: mwanamke aliyetoweka, na sababu ya dunia kuzimika. Lakini kabla ya hayo yote sharti asife usiku huo. Mwili wa Mackenzie unadai vitu vinne bila kuchoka, yaani joto, usingizi, maji na chakula. Theluji lazima iyeyushwe na kuchemshwa kabla ya kunywewa. Nguo zikilowa hugeuka barafu mwilini. Nyama mbichi huleta maradhi. Hata kujifungia ndani siku nyingi kuna adhabu yake, kwani akili huanza kuvurugika.

Wapo mbwa-mwitu na dubu pia, ingawa watungaji wenyewe hutoa onyo mwanzoni kwamba tabia za wanyama hao zimebadilishwa makusudi kwa ajili ya mchezo. Walakini muuaji mkuu ni baridi, na baridi haipigwi risasi.

Kilichonigusa zaidi ni kisa cha mji wa Milton. Wakazi wamehama, amebaki bibi kizee kipofu aitwaye Grey Mother. Mackenzie anahitaji msaada wake ili atoke hapo, naye bibi hamwamini mgeni kwa maneno matupu. Anataka kuni na chakula. Mpwa wangu aliniambia kwamba alinung'unika sana kumpelekea bibi huyo kuni ilhali yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka. "Lakini mjomba," akasema, "ningemwacha vipi?" Nilinyamaza. Swali kama hilo sikulitarajia kutoka kwa mchezo wa kompyuta.

Na hiyo mianga je, ni uzushi? La, si yote. Machi 13, 1989, dhoruba iliyotoka katika jua iliangusha mtandao wa umeme wa jimbo la Quebec, huko huko Kanada, kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Watu wapatao milioni 6 walikaa gizani kwa takriban saa tisa. Na mwaka wa 1859, dhoruba kubwa zaidi ilipoikumba dunia, baadhi ya makarani wa telegrafu nchini Marekani walizitenga betri zao na bado wakapelekeana habari kwa umeme ulioletwa na mianga hiyo. Mchezo huu nao umelichukua jambo hilo: mianga inapotanda usiku, taa na redio zilizokufa huamka zenyewe, na mianga ikitoweka zinakufa tena.

Si kwamba hauna kasoro. Safari za kutumwa huku na huko huchosha, na vipindi viwili vya kwanza vya hadithi ilibidi vifanyiwe ukarabati mkubwa na kutolewa upya Desemba 2018.

Jumamosi hiyo mpwa wangu hakuwa akicheza hadithi. Alikuwa katika upande wa pili wa mchezo, ambao hauna kisa, kazi yako ni kuhesabu siku tu. Wakati huo, huko ukifa ulikuwa umekufa. Kila ulichokusanya kilifutwa. Alikuwa ameishi siku ishirini na sita. Jioni ilipoingia aliona heri avuke ziwa lililoganda badala ya kulala kibandani na njaa. Katikati ya ziwa tufani ya theluji ikamfunika. Akawasha njiti ya kwanza, upepo ukaizima. Ya pili hivyo hivyo. Tulikuwa tumejikunyata wote wawili, na Nairobi jua linawaka. Njiti ya nne ilipozimika, dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akitazama.

"Sasa?" akauliza.

"Nimekufa, mama. Siku zote zimepotea."

"Na kwa nini ulitoka jioni?"

Hakujibu. Nilipowaaga saa mbili usiku alikuwa ameanza upya, siku ya kwanza. Dada yangu alikuwa amevuta kiti karibu naye, akimwuliza mbona hajaokota kuni na giza linaingia.