Tairi la Theluji Limefikaje Magoma?

Huku Magoma theluji haianguki. Wengi wetu tumeiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, tulipopita Moshi. Hata hivyo, gari unalopanda kwenda Korogwe huenda limefungwa matairi ya theluji. Matairi hayo yameandikwa ubavuni. Wewe sasa unajua kusoma, kwa hiyo unaweza kuyatambua mwenyewe.

Matairi hayo hufika namna hii. Magari mengi tunayonunua yalitumika kwanza nchini Japani. Kaskazini ya nchi hiyo, hasa katika kisiwa cha Hokkaido, theluji huanguka kwa miezi kadhaa kila mwaka. Wenye magari wa huko huwa na matairi ya aina mbili. Wakati wa joto hufunga aina moja, na wakati wa baridi hufunga nyingine. Gari likiuzwa wakati wa baridi, laweza kupakiwa melini likiwa na matairi yake ya baridi. Hushuka Dar es Salaam nayo hivyo hivyo.

Je, tairi la baridi lina tofauti gani na la kawaida? Fikiri juu ya mafuta ya nazi. Tanga mjini mafuta hayo humiminika kama maji. Yapeleke Lushoto mwezi wa Julai, asubuhi utayakuta yameganda chupani. Mpira nao una tabia kama hiyo. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kwenye baridi kali, na tairi gumu halishiki barabara. Ndiyo maana watengenezaji hutumia mpira laini zaidi kwa tairi la theluji. Tena huuchanja chanjo nyembamba nyingi, ili ung'ate theluji na barafu.

Sasa lete mpira huo laini kwenye joto letu. Juu ya lami yenye moto hulainika kupita kiasi na kulika upesi. Mvua ikinyesha juu ya lami, gari lenye matairi hayo huchelewa kusimama dereva akikanyaga breki. Mtoto akikatiza barabara pale Korogwe, hatua chache hizo ni kubwa sana.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Tuseme kikundi chenu kimechanga fedha za kununua Noah ya kubeba abiria. Muuzaji anawaambia, "Tazameni matairi, bado yana kashata ndefu!" Ni kweli, kashata ni ndefu, maana tairi la theluji huundwa na mifereji mirefu. Lakini kashata pekee haitoshi. Inama, pangusa vumbi, usome.

Ukikuta neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji la Kijapani. Ukikuta picha ndogo ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji, hilo nalo huenda ni la theluji. Lakini ukikuta herufi M+S peke yake, usiogope. Herufi hizo zina maana ya tope na theluji. Huwekwa pia kwenye matairi mengi ya Land Cruiser na magari mengine ya porini, nayo hufaa sana kwetu.

Kisha tafuta namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Namba hizo ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Zikiwa 2218, tairi lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2018. Usipoziona, tazama ubavu wa pili. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa dukani. Tairi likizidi miaka mitano, likaguliwe na fundi kila mwaka. Likifika miaka kumi litolewe, hata kama linang'aa. Wauzaji wengine hulipaka rangi nyeusi lionekane jipya, lakini tarehe hawawezi kuipaka.

Kuna namba nyingine pia, kwa mfano 195/65R15 91Q. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 15 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Namba 91 inahusu uzito: tairi moja lenye namba hiyo halipaswi kubeba zaidi ya kilo 615. Fanya hesabu. Matairi manne ni kilo 2,460. Gari tupu la namna hiyo huweza kuwa na kilo 1,500 hivi. Zinabaki kilo 960. Pakia watu kumi, kisha magunia matatu ya mahindi ya kilo mia mia, na tayari umefika ukingoni. Tena mzigo wote umelalia nyuma! Na gari lenyewe lina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko cha matairi. Abiria anayekataa kusukumwa ndani kama gunia la kumi na moja ana haki kabisa.

Basi, kwa safari zetu tairi gani linafaa? Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, barabara za udongo za vijijini hugeuka tope, na njia za mlimani za Usambara huteleza kama sabuni. Lakini ukifika Korogwe unakuta lami ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Tairi lako lazima liweze yote mawili.

Kwa gari la porini, chagua lililoandikwa A/T. Tairi la M/T lina meno makubwa sana na hupita tope zito, lakini juu ya lami iliyolowa hushika vibaya, nalo hupiga kelele. Linamfaa yule ambaye kazi yake yote ni shambani. Kwa Noah na magari madogo, nunua tairi la kawaida lisilo la theluji, lenye mifereji mipana ya kutoa maji. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Kashata zikilika hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Kwa nchi ya mvua kama yetu, ni heri ulibadilishe kabla ya hapo.

Vijana wa bodaboda nao wakumbuke hivi: tairi la vinundu vikubwa ni zuri topeni, lakini kwenye kona ya lami upunguze mwendo, maana ni vinundu vichache tu vinavyogusa barabara.

Fedha zikitosha matairi mawili tu, yafungwe nyuma. Madereva wengi huyafunga mbele, kwa kuwa usukani uko mbele. Lakini matairi ya mbele yakiteleza, dereva huhisi mapema na kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka ghafla na kutazama lilikotoka, naye hana la kufanya.

Kuhusu upepo, fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo yake. Kipimo kimeandikwa hapo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto, upepo huongezeka na kipimo hudanganya. Fundi pancha akikuambia anajua kwa kupiga teke, mwombe geji.