Hamira Inasingiziwa

Ramadhani ikikaribia, hapa Kibarani kama kule Mji wa Kale, swali huwa ni lile lile: mkate wa sinia wa siku hizi una nini? Umekuwa mzito, umeshikana kama sabuni, na ukilala hauliki. Wengi huilaumu hamira. Mimi naona inasingiziwa. (Mkate wa mofa siutaji; huo ugumu ndio sifa yake.)

Jirani yangu mmoja, ambaye karo ya watoto wake hutoka katika masinia hayo, alirudishiwa mikate na wateja siku tatu mfululizo. Akaniambia, “Maalim, hamira n’metia mara mbili, na sasa mkate wanuka tembo!” Nikamuuliza mchele ausaga wapi. Akanionyesha pakiti ya unga.

Basi tuanze na mchele. Unga wa ngano ukikandwa hufanya kitu kama ulimbo, nacho ndicho kishikacho pumzi ya hamira, donge likaumuka. Mchele hauna ulimbo huo hata chembe. Mkate wake husimama kwa uji tu: uji ukiwa mwepesi, mapovu hupanda yakapasuka, ukiwa mzito, hayapati pa kutanukia. Ndiyo sababu mama zetu waliroweka mchele usiku kucha, wakausaga ungali umeshiba maji, wakichungulia jinsi uji uteremkavyo kwenye upawa. Unga mkavu ukiwa na chenga, chenga hizo huzama. Chini huwa kigae, juu uji.

Tui nalo lina shari yake. Kasimile hulainisha mkate na kuupa harufu, lakini mafuta yake yakizidi huulemea uji. Tui la kopo aghalabu ni zito, na mwenye kulimimina lote bila kulizimua asishangae akipata sabuni. Likiwa la moto sana huiua hamira; likiwa baridi huilaza. Sukari pia ikizidi huinyonya hamira maji, ikadorora. Wale waitiao sehemu yake mwisho, uji ukisha kuumuka, wana hoja.

Na ute wa yai! Wako wanaouacha kwa ubahili. Ukipigwa ukawa povu, kisha ukachanganywa taratibu, hufanya kazi ya ule ulimbo uliokosekana: moto ukiupata huganda, ukayafungia mapovu ndani. Ndipo mkate ukikatwa waona vile vitundu.

Jirani yangu amepunguza hamira, na hununua mchele Marikiti kisha huuroweka mwenyewe. Harufu ya tembo imekwisha na wateja wengi wamerudi. Bei ameipandisha kidogo, maana kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi kumi si mchezo, nami sioni lawama.