Kasongo na Kabambare: bwawa la samaki linahitaji chokaa mbele ya mbolea

Mfugaji anachimba bwawa, analeta maji ya kijito, anatupa humo mavi ya mbuzi. Miezi inapita, maji yanabaki meupe na tilapia hawapiti urefu wa kidole. Katika mitaa ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, jambo la kwanza la kupima ni asidi ya maji.

Mvua ya miaka mingi imeondoa kalsiamu katika udongo mwekundu wa eneo hilo, na vijito vinavyoingia Luama na Lualaba vinapita juu ya udongo huo. Ng'ambo ya milima ya Fizi, Ziwa Tanganyika ni kinyume: pH yake inakaribia 9.

Asidi inapoteza mbolea. Tilapia anakula vijimea vidogo vinavyofanya maji kuwa ya kijani, navyo vinahitaji fosforasi. Katika bwawa lenye asidi, matope yanaishika fosforasi hiyo. Zaidi ya hayo, pH inapanda mchana na kushuka usiku, samaki wanachoka.

Wataalamu wanapima uwezo wa maji kuzuia asidi. Ukiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, chokaa inahitajika. Wanaofuga matumbawe ya bahari nyumbani, huko Ulaya na Marekani, wanaongeza kalsiamu karibu kila siku, kwa sababu matumbawe yanaitumia kujenga mifupa yao. Bwawa la samaki halidai hivyo: mara nyingi inatosha kutia chokaa kila linapokaushwa.

Kipimo cha kawaida ni kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa mita za mraba 100. Bwawa la mita 10 kwa 20 linaomba basi kilo 20 hadi 40. Chokaa iliyochomwa ina nguvu karibu mara mbili, kwa hiyo nusu inatosha. Hiyo haitupwi kamwe penye samaki: inaweza kuwaua, na inachoma macho na ngozi ya mtu.

Chokaa inanyunyizwa chini na kwenye kingo za bwawa tupu. Baada ya wiki mbili, maji na mbolea vinaingia. Kisha mlango wa maji unafungwa, na yanaongezwa tu yale yaliyopungua. Maji yakipita bila kusimama, chokaa na mbolea vinaondoka nayo, pamoja na pesa ya mfugaji.

Asiyepata chokaa anaweza kutumia majivu ya kuni, lakini kwa wingi zaidi kwa sababu nguvu yake ni ndogo.

Baada ya wiki moja au mbili, mkono unatosha kupima. Uingizwe majini hadi kiwiko: vidole vikionekana wazi, mbolea bado haijatosha. Vikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, mbolea isimamishwe.