MTOTO MDOGO AKIFUNGA CHOO: MSIKIMBILIE BOMBA

Baba, umetoka kazi ya usiku, umefika nyumbani, na bibi yako anakuambia: «Leo ni siku ya nne mtoto hajaenda choo.» Jirani amekwisha kuleta bomba la mpira na dawa ya majani yenye pilipili. Kabla mtu hajamgusa mtoto, someni kwanza ukurasa huu.

Kuhesabu siku peke yake hakutoshi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akiisha kupita mwezi mmoja na nusu, anaweza kukaa hata juma zima bila choo wala ugonjwa, kama ananyonya vizuri, anaongeza uzito, na choo kikitoka ni laini. Huyo mwacheni. Hata maji msimpe mpaka afikishe miezi 6. Lakini mtoto wa miaka 2 au 3 anayepata choo mara mbili tu kwa juma, kigumu kama mavi ya mbuzi au kinene cha kumtoa machozi, huyo amefunga choo.

Mara nyingi mambo huanza kwa siku moja ya maumivu. Choo kigumu kilimchana kidogo. Kesho yake akisikia haja anaogopa, anajizuia. Utamwona anasimama kwa ncha za vidole, anakaza miguu, anajificha nyuma ya mlango. Watu wanadhani anasukuma, kumbe anazuia! Choo kinachobaki ndani kinanyonywa maji na utumbo, kinazidi ugumu na ukubwa, na siku kitakapotoka kitauma kuliko mara ya kwanza.

Baadaye uchafu mwembamba unaanza kuvuja kwenye kaptura. Ninyi wa chini ya mgodi mmeona mfereji uliozibwa na jiwe: maji yanapita pembeni. Ndivyo ilivyo tumboni. Wazazi wengine husema ni kuhara, wanatoa dawa ya kufunga tumbo, na kumbe wanaongeza ubaya. Wengine husema ni ukaidi, wanampiga. Fimbo haina kazi hapa: utumbo umepanuka, mtoto hasikii choo kinapotoka.

Na lile bomba? Pilipili inachoma utumbo, mpira unaweza kuutoboa, na dawa ya majani inaweza kuingia katika damu kama sumu. Watoto wamekufa kwa namna hii. Hata likitoa choo leo, linaongeza hofu ya kesho. Ikihitajika, kazi hiyo ni ya mganga.

Kwenye dispanseri mtapewa dawa ya kulainisha choo: makrogoli, unga wa kuchanganya na maji, au lakitulozi, dawa ya maji yenye utamu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Choo kikitoka wanaacha dawa baada ya juma moja, na mwezi ujao wamerudi pale pale. Utumbo uliopanuka unahitaji miezi kurudia hali yake. Mganga ndiye atakayepunguza dawa polepole.

Bukari wa unga mweupe peke yake hausaidii. Ongezeni maharagi, lengalenga, sombe, paipai, na maji ya kunywa. Maziwa nayo yana kipimo: mtoto aliyepita mwaka mmoja, nusu lita kwa siku inamtosha, akinywa kutwa nzima hatakula kitu kingine. Baada ya kula, mkalisheni kwenye poti dakika 5, miguu ikanyage chini au juu ya tofali, bila kumgombeza.

Lakini kuna mtoto asiyengoja asubuhi: mchanga aliyepita siku 2 tangu kuzaliwa bila kutoa kile choo cheusi cha kwanza, au yeyote anayetapika majani kibichi, au ambaye tumbo limevimba na kukaza. Wengine huzaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na mishipa ya fahamu, ugonjwa ulioelezwa na Harald Hirschsprung, mganga wa Copenhagen, mwaka 1886. Huo hutibiwa kwa kupasuliwa. Mpelekeni hospitali usiku ule ule, na mwambieni mganga choo cha kwanza kilitoka siku gani.