Mzee Usukanini na Haki ya Bima

Wako miongoni mwetu wazee waliokwisha kustaafu kazi lakini hawajastaafu usukani. Mwalimu, mganga, bwana shamba, karani wa bohari: alipopokea kiinua mgongo chake, akanunua gari dogo la kumfikisha shamba, hospitali na kwenye nyumba ya ibada. Gari hilo si anasa. Ndilo miguu yake ya pili, na ukimnyang'anya umemfungia ndani.

Leo twapenda kusema juu ya mzee huyu na bima ya gari lake.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, alimkwepa mwendesha pikipiki, akamgusa kidogo, kisha akaparamia ukuta. Kijana akapona, na bima ikamlipia matibabu. Lakini mzee alipokwenda kuuliza habari za gari lake aliambiwa kwamba yeye amekata bima ndogo, na bima ndogo haimlipi mwenye gari. Mzee alipigwa na butwaa. Kwa miaka mingi alikuwa akilipa ada akiamini kuwa amejikinga yeye, kumbe amewakinga wengine tu.

Hakudhulumiwa, maana ndivyo mkataba ulivyosema. Lakini nani aliyemsomea? Mikataba ya bima nchini mwetu kwa muda mrefu imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo zinazomshinda hata kijana mwenye macho mazima. Sheria humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine atakaowadhuru barabarani. Hiyo ndiyo bima ndogo. Anayetaka gari lake mwenyewe litengenezwe au lilipwe sharti akate bima kubwa, ambayo ada yake hukadiriwa kwa thamani ya gari.

Tukumbuke pia historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Shirika la Bima la Taifa lilishika biashara yote ya bima Tanzania Bara. Sheria ya 1996 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na sheria ya 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wengi wa wazee wetu, basi, walijifunza mambo ya bima wakati dirisha lilikuwa moja na bei ilikuwa moja. Leo madirisha ni mengi, lakini mzee bado hulipa anachotajiwa bila kuuliza kwa jirani. Hapo ndipo fedha zake zinapopotea.

Tutoe mfano. Tuseme ada ya bima kubwa ni shilingi 35 kwa kila shilingi 1,000 za thamani ya gari. Mzee alinunua gari kwa shilingi milioni 12, naye kila mwaka huandika milioni 12 zile zile na kulipa shilingi 420,000. Lakini gari limechakaa, na sokoni sasa halizidi milioni 7. Likiungua, atalipwa thamani ya siku ile, yaani milioni 7. Angelikadiria kwa haki, ada ingalikuwa shilingi 245,000. Shilingi 175,000 amezitoa bure, na kwa mwenye pensheni hizo si fedha kidogo.

Sasa tuje kwenye umri. Bima ndogo kwetu huangalia aina ya gari na matumizi yake, haihesabu mvi za dereva. Hilo ni jambo la insafu. Lakini katika nchi nyingi umri huingia katika hesabu, na sababu zake si uzushi. Vijana wachanga ndio wenye ajali nyingi zaidi. Dereva wa makamo hutulia. Kisha, baada ya miaka 70 na zaidi, hatari huanza kupanda tena, kwa kuwa macho hufifia, shingo haigeuki upesi, na mwili ukiumia hauponi haraka. Uingereza, leseni hukoma dereva anapotimiza miaka 70, naye huiomba upya kila baada ya miaka 3. Japani, aliyefikisha miaka 75 hupimwa kumbukumbu na akili kabla ya kuongezewa leseni.

Hata hivyo wazee hawalingani. Yuko mwenye miaka 75 aonaye vizuri, asiyekimbiza gari wala kuendesha usiku. Na yuko mwenye miaka 55 ambaye mtoto wa jicho umemfunika. Kumpandishia mtu ada, au kumkataa, kwa sababu ya mwaka wake wa kuzaliwa peke yake ni kumhukumu bila kumsikiliza. Na apimwe macho, na itazamwe rekodi yake. Aliyeendesha miaka mingi bila kudai fidia anastahili punguzo, naye asione haya kulidai.

Lakini haki haikosi kuandamana na wajibu. Bima ni amana baina ya watu wawili. Mzee anayeficha ugonjwa wa macho au kifafa ili apate ada nafuu anajidanganya, kwani siku ya ajali ukweli ukidhihiri, kampuni yaweza kukataa kumlipa. Na lililo zito kuliko fedha ni roho ya mtoto avukaye barabara. Macho yakikataa, ni heshima kumkabidhi mwanao ufunguo.

Kwa hiyo twasema hivi. Makampuni yaandike mikataba kwa Kiswahili fasaha na yamweleze mteja, kabla hajatoa fedha, kipi kinalipwa na kipi hakilipwi. Vijana wawasindikize wazazi wao kwenda kukata bima, wawasomee, wahakiki stika, wawaulizie bei mahali zaidi ya pamoja. Na mzee akiona amedhulumiwa asinyamaze: yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria kwa ajili hiyo.

Wazee hawa walijenga nchi hii kwa jasho lao. Hawaombi sadaka usukanini, wanaomba kuelezwa ukweli na kutozwa kwa haki.