Kigali: Kuijua Pombe Kali Kabla ya Kuinywa

Mji wa Kigali umejengwa juu ya vilima, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari. Humo kimo kiwanda kidogo cha pombe kali kiitwacho 1000 Hills Distillery, ambacho jina lake latokana na sifa ya Rwanda kuitwa nchi ya vilima elfu. Pombe hutengenezwa humo kwa kiasi kidogo kidogo, na wageni hukaribishwa kuiona kazi yenyewe.

Kwa mama aliyewahi kupika ikigage, pombe ya mtama, mwanzo wa wiski si jambo geni. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa na kusagwa, kama kifanywavyo kimea cha mtama. Unga wake hutiwa maji ya moto ili wanga ugeuke sukari. Halafu hutiwa hamira, nayo huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Hadi hapo tofauti ni ndogo.

Tofauti kubwa yaanzia motoni. Pwani, kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100. Milimani vyote huwahi kidogo. Kwa hiyo pombe ipashwapo moto, kileo hutangulia kupanda na mvuke, nao hupozwa ukadondoka. Fundi hodari hapokei kila tone. Ya kwanza, yenye harufu kali, huyatupa. Ya mwisho, yenye ladha mbaya, huyatenga. Ya katikati tu ndiyo ayahifadhiyo. Huko Uskoti, kinywaji hakiruhusiwi kuitwa wiski mpaka kikae katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3.

Subira hiyo haimo katika kanyanga. Hiyo hupikwa kwa siri, bila kipimo wala usafi, na sheria ya Rwanda yaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya. Ni ndugu wa gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya. Wako pia wauzaji wenye tamaa ambao huongeza methanoli, kileo cha viwandani. Sumu hiyo haina rangi, na katika pombe mnywaji hawezi kuitambua. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa macho. Mwezi wa Desemba 2022, watu kadhaa walikufa mjini Kigali baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli.

Basi askari atokaye zamu, na mkewe anayeandaa sherehe, hawana budi kuuliza pombe imetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Chupa isiyojulikana mtengenezaji wake isiingie nyumbani. Wala asipewe pombe mtoto aliye chini ya miaka 18.

Dalili za methanoli huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, na macho kuona ukungu. Aonekanaye hivyo asiachwe alale kwa matumaini kwamba pombe itamtoka. Apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa usiku wa manane, na wenzake waseme wazi alichokunywa. Dawa ipo, lakini haimngoji mwenye haya.