Mtafsiri Anayeijua Mashine

Ninanunua mitambo iliyotumika kwa ajili ya viwanda vya plastiki. Mingi ya kutengeneza mabomba ya umwagiliaji wa matone hutoka Israel, ambako Netafim, kampuni ya umwagiliaji wa matone, ilianzia katika kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Hatzerim mwaka 1965. Mwongozo huja kwa Kiingereza. Kinachobaki kwa Kiebrania ndicho chenye faida zaidi: daftari la matengenezo na maelezo ya pembeni mwa michoro, yaliyoandikwa na mafundi wa shifti.

Kiebrania cha mkono kina herufi tofauti na za chapa, na programu za simu huchanganyikiwa. Irabu nyingi haziandikwi. Maneno husomwa kutoka kulia, tarakimu kutoka kushoto, na hapo ndipo madhara yanapoingia. Nimeona tafsiri iliyogeuza nyuzi 180 hadi 220 kuwa 220 hadi 180. Kwa msomaji wa kawaida hakuna tofauti. Kwa fundi anayepanga joto la mashine, kuanzia plastiki inapoingia hadi bomba linapotoka, mpangilio mzima umepinduka.

Kwa hiyo mtafsiri kuwa mzaliwa wa Haifa, mji wa Israel, hakunitoshi. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinataka mtu wa pili aipitie tafsiri akiilinganisha na maandishi ya awali, nami nalilipia hilo bila kunung'unika. Majina nayapata kwa Chama cha Watafsiri cha Israel, kilichoanzishwa 1981. Kabla hatujazungumza bei, mtafsiri nampa ukurasa mmoja, ule wenye grisi kuliko yote, na ninalipa. Akiurudisha safi bila swali hata moja, naogopa. Daftari la kiwandani limejaa vifupisho ambavyo fundi alijiandikia mwenyewe; hakuna anayevielewa vyote kwa kuvisoma tu.

Wanaonifaa zaidi ni wahandisi wastaafu. Mama mmoja wa namna hiyo, kabla hajatafsiri mstari wowote, alinipigia simu akitaka picha ya kibati cha mashine na ya gia yake. Nikamtumia. Kesho yake akaniambia kurasa tatu za katikati hazihusu mashine yangu kabisa: zilikuwa za mashine ya jirani, na vipuri nilivyotaka kuagiza kwa kuzifuata visingeingia.